Mtoto anaongezewa damu kila mwezi, mbona tena anapewa dawa ya kutoa chuma?

Swali: Habari daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, kilo 28, na ana selimundu (sickle cell). Alipata kiharusi akiwa na miaka 7, na tangu hapo anaongezewa damu kila mwezi, painti moja. Kliniki iliyopita tuliambiwa feritini yake ni 3,140, akaandikiwa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, kila siku. Nimechanganyikiwa. Miaka yote naambiwa mtoto hana damu, nimpe maini, managu na bitruti. Leo naambiwa chuma kimezidi. Dawa ni ghali, mtoto anaichukia (juzi nimepata unga mweupe kwenye sinki, nikajua anaimwaga), na jirani yangu aliyesomea uuguzi amesema inaharibu figo. Nikipunguza chakula chenye chuma haitatosha? Au nimpe siku moja, niruke siku moja, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi? Na kama damu ndiyo inaleta shida, kwa nini tusiiache? Mama, Kayole.

Jibu:

Mama, asante kwa kuandika, na pole kwa safari ndefu ya huyo kijana. Nianze kwa kujishusha cheo: mimi ni mfamasia. Daktari ni yule aliyemwandikia dawa. Lakini nimekaa miaka mingi kwenye dirisha la dawa la kliniki ya magonjwa ya damu hapa Nairobi, na swali lako la maini na managu nimeulizwa na mzazi mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo usijione mjinga hata kidogo. Shida iko kwenye maneno yetu wenyewe. Tunasema "hana damu" kwa mambo mawili tofauti kabisa.

Kuna mtu asiye na damu kwa sababu amekosa chuma cha kuitengenezea. Mama mjamzito, mtoto mwenye minyoo, msichana anayepata hedhi nzito. Huyo ndiye wa maini na managu. Mwanao hana damu kwa sababu nyingine: damu inatengenezwa kwa wingi tu, lakini chembe zake zinavunjika mapema. Chembe nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120. Ya selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Na chembe ikivunjika mwilini, chuma kilichokuwa ndani yake hakipotei, kinaokotwa na kutumika tena. Kwa hiyo hata kabla hajaanza kuongezewa damu, chuma hakikuwa tatizo lake kubwa. (Bitruti, kwa taarifa yako, ni nyekundu kwa rangi yake tu. Chuma chake ni kidogo.)

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo itajibu karibu maswali yako yote.

Painti moja ya damu ina takriban miligramu 200 hadi 250 za chuma. Chakula cha siku nzima, hata ukipika vizuri namna gani, mwili unachukua kutoka humo kama miligramu 1 au 2. Yaani ule mfuko anaotundikiwa asubuhi moja unamletea chuma ambacho chakula kingemletea kwa miezi mitatu hadi sita na zaidi. Na mwili wa binadamu haukuumbwa na njia ya kutoa chuma kwa makusudi. Unapoteza kama miligramu 1 kwa siku kupitia ngozi na utumbo unaojimenya, basi. Maji yakizidi tunakojoa, chumvi ikizidi tunakojoa, chuma kikizidi kinabaki. Mlango wa kuingilia upo, wa kutokea haupo.

Painti 12 kwa mwaka, mara miaka minne. Ni karibu gramu 10 za chuma. Mtu mzima mwenye afya ana gramu 3 hadi 4 tu mwili mzima. Kijana wa kilo 28 amebebeshwa chuma chenye uzito unaokaribia ule msumari wa inchi nne wa kupigilia mbao za paa, mbali na kile alichozaliwa nacho na kukua nacho.

Na hakionekani. Hapo ndipo wazazi wengi tunawapoteza, kwa sababu mtoto anacheza, anakula, anaenda shule. Ndani ya damu kuna protini inayobeba chuma, inaitwa transferini, na kila moja ina nafasi mbili tu, kama bodaboda inayofuata sheria. Nafasi zote zikijaa, chuma kinabaki kinazurura bila mwenyeji. Hicho kinachozurura ndicho hatari: kinaingia kwenye ini, kwenye kongosho, kwenye tezi zinazosimamia kukua na kubalehe, na baadaye kwenye moyo. Watoto wa selimundu wana nafuu kidogo hapa kuliko wale wa thalasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi), kwa sababu kwao moyo huchelewa kufikiwa. Ini ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Lakini kuchelewa si kutofika. Na ini lililojaa chuma miaka mingi hukakamaa na kuwa na makovu.

Kuhusu ile 3,140. Feritini ni ghala la chuma, na kipimo kinatuambia kwa makadirio ghala limejaa kiasi gani. Ikipita 1,000 kwa mtu anayeongezewa damu mara kwa mara, au akishapata painti 10 hadi 20, kwa kawaida ndipo tunaanza kufikiria dawa. Kwa hiyo hamjaonewa, na kusema kweli mmechelewa kidogo. Ila usiigande ile namba moja kichwani. Feritini hupanda pia mtoto akiwa na homa, maambukizi au akitoka kwenye maumivu makali ya selimundu. Ikipimwa wiki ya maumivu inaweza kukutisha bure. Ipimwe akiwa mzima, siku ya kliniki, kabla hajatundikiwa damu, na mwangalie inavyoelekea kwa miezi mitatu hadi sita. Kipimo cha kuaminika zaidi ni MRI maalum inayosoma chuma ndani ya ini na moyo. Si kila mashine ya MRI imewekewa programu hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, usije ukalipia picha ya tumbo ya kawaida ambayo haitakuambia kitu.

Swali lako la mwisho nalijibu sasa kabla ya mengine, kwa sababu ndilo la hatari. Usiache damu. Mtoto aliyewahi kupata kiharusi kwa sababu ya selimundu yuko kwenye hatari kubwa ya kupata kingine, na ile damu ya kila mwezi ndiyo inayomzuia. Jambo hili limejaribiwa kwa makini. Marekani kulikuwa na utafiti ulioitwa SWiTCH, wa watoto kama wako hasa, waliowahi kupata kiharusi na wamejaa chuma. Nusu wakaendelea na damu pamoja na dawa hii hii uliyoandikiwa. Nusu wakahamishiwa kwenye haidroksiyurea, dawa ya kunywa ya selimundu, na chuma kikapunguzwa kwa kuwatoa damu kidogo kidogo. Utafiti ukasimamishwa mapema mwaka 2010. Upande wa damu hakuna aliyepata kiharusi. Upande wa pili walikipata 7 kati ya 67.

Nasema hivi bila kuidharau haidroksiyurea. Ni dawa nzuri mno, Kilifi ni moja ya vituo vinne vya Afrika ilikofanyiwa utafiti ambao matokeo yake yalitufurahisha sana, na watoto wengi wa selimundu hapa nchini wangefaa kuwa nayo. Lakini kwa aliyekwisha kupata kiharusi na damu inapatikana, damu ndiyo inayotangulia. Kama daktari wenu ataona kuna sababu ya kubadilisha, huo ni uamuzi wa kukaa na kuzungumza naye, si wa kufanyia nyumbani.

Basi damu inabaki, na chuma kitaendelea kuingia. Kilichobaki ni kutengeneza mlango wa kutokea.

Zamani mlango huo ulikuwa mmoja, deferoksamini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Desferal. Ni dawa nzuri, imetumika tangu miaka ya 1960, lakini haimezeki. Inaingizwa chini ya ngozi kwa sindano na kipampu, saa 8 hadi 12 kila usiku, usiku tano au zaidi kwa wiki. Fikiria kumfunga mtoto kipampu hicho kila anapolala, miaka nenda miaka rudi. Wengi waliichoka, na dawa isiyotumika haitoi chuma. Dawa aliyopewa mwanao, deferasiroksi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005, na imegeuza usiku ule wa sindano kuwa glasi moja kwa siku. Kwenye pakiti unaweza kuona jina la Exjade, au jina la kampuni nyingine inayoitengeneza.

Inafanyaje kazi? Chembe ya chuma ina sehemu sita za kushikwa. Deferasiroksi ina kama mikono mitatu, kwa hiyo mbili zinashirikiana kukikamata chuma kimoja pande zote, zinakibeba hadi kwenye nyongo, na kinatoka na choo. Hutaona mabadiliko yoyote chooni, kwa hiyo usingoje kuona ndipo uamini.

Turudi kwenye hesabu. Painti moja kwa mwezi ukiigawa kwa siku 30, ni kama miligramu 7 hadi 8 za chuma zinazoingia kila siku. Dozi ya kawaida ya kuanzia ya vidonge vya kuyeyusha ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Kwa dozi hiyo, ilipopimwa kwa wagonjwa, dawa ilitoa takriban theluthi moja ya miligramu ya chuma kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 28 ni kama miligramu 9. Umeona ilivyobana? Karibu nane zinaingia, tisa zinatoka. Akinywa kila siku bila kukosa, anapata faida ya miligramu moja au mbili tu juu ya ile inayoingia. Ndiyo sababu feritini hushuka polepole, na ndiyo sababu daktari anaweza kuja kuongeza dozi baada ya miezi mitatu au sita. Asipoiongeza, muulize.

Sasa ukimpa siku moja na kuruka siku moja, zinaingia nane, zinatoka nne na nusu. Umelipa nusu ya bei na chuma kinazidi kupanda. Si kwamba utapata nusu ya faida. Hupati faida. Tena dawa hii hukaa kwenye damu kwa siku moja hivi, halafu inaisha, na kile chuma kinachozurura kinarudi kuzurura. Mama, nikikuomba jambo moja tu katika barua hii yote ni hili: pesa zikikwama, usiigawe pakiti kimyakimya. Mwambie daktari au mfamasia wenu waziwazi. Tunaweza kutafuta chapa yenye bei nafuu, tunaweza kukuelekeza kwa afisa wa ustawi wa jamii pale hospitalini, na dawati la SHA (bima ya afya ya serikali) liulizwe ni kipi kinalipwa kwa mtoto wako na kipi hakilipwi. Kibaya kwetu ni kuona feritini imepanda, tukadhani dozi ni ndogo, tukaiongeza, kumbe dawa ilikuwa inanywewa na sinki.

Na chakula? Ile hesabu imekwisha kukujibu. Hata umnyime maini mwaka mzima, utaokoa kiasi cha chuma kinachoingia kwa painti moja au mbili, na utakuwa umemnyima mtoto anayekua chakula. Hata unga wa ugali wa pakiti huongezwa chuma kisheria hapa Kenya tangu 2012, sasa utakimbilia wapi? Aendelee kula mnachokula nyumbani, maharagwe, managu, nyama ikipatikana. Maini usimlazimishe tena kama dawa. Kinachotakiwa kuondoka kabatini leo ni sirapu zote za kuongeza damu, vidonge vya vitamini vyenye chuma ndani (soma karatasi, vingi vinacho), na vile vidonge vya vitamini C vya kumung'unya, ambavyo vikiwa vingi kwa mtu aliyejaa chuma vinaweza kukichochea kumsumbua moyo. Foliki asidi aendelee nayo, haina chuma. Dawa ya kuzuia malaria na ile ya penisilini pia, kama alivyoandikiwa.

Tuje kwa jirani yako. Amesema kweli, ila hakumaliza. Deferasiroksi inaweza kuumiza figo na ini, na mara chache inaweza kusababisha vidonda na kuvuja damu tumboni. Onyo hilo limeandikwa kwenye karatasi ya dawa, juu kabisa, ndani ya kisanduku. Ndiyo maana dawa hii haitembei peke yake, inatembea na vipimo. Kabla ya kuanza, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) ipimwe mara mbili ili tujue mahali pa kuanzia. Mwezi wa kwanza ipimwe kila wiki, kisha kila mwezi, pamoja na kuangalia protini kwenye mkojo. Ini lipimwe kabla, kila wiki mbili mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi. Macho na masikio mara moja kwa mwaka. Kwa kuwa mnakuja kila mwezi kwa ajili ya damu, omba vipimo vitolewe kwenye ile ile sindano ya kulinganisha damu yake na ya kuongezewa. Mtoto asichomwe mara mbili.

Hapa kuna mtego ambao hata sisi wahudumu tunauingia. Watoto wa selimundu mara nyingi wana kreatinini ya chini sana. Tuseme ya mwanao ilikuwa 30, ikapanda hadi 45. Karatasi ya maabara itaandika kwamba ni ya kawaida, kwa sababu iko ndani ya mabano ya kiwango chao cha kawaida, na hakuna nyota wala herufi nyekundu. Lakini imepanda kwa nusu nzima ya ilipoanzia! Kwa dawa hii hiyo ni sababu ya kurudia kipimo ndani ya wiki, na ikibaki hivyo, kupunguza dozi. Kwa hiyo nunua daftari la shilingi chache, andika kreatinini, feritini, uzito na tarehe, kila mwezi, kwa mwandiko wako. Linganisha na namba yake mwenyewe ya mwanzo, mabano ya maabara yaache. Mzazi mwenye daftari hilo nikimwona dirishani huwa namsimamia kwa heshima, kwa sababu faili za hospitali hupotea lakini daftari la mama halipotei.

Kuna siku za kutompa dawa, na hizi si za kuruka kwa ajili ya pakiti. Akiwa na homa, anatapika, anaharisha, au hanywi maji vizuri, mnasimamisha deferasiroksi siku hiyo hiyo na kuwapigia kliniki. Figo za mtoto wa selimundu hazijui kubana maji, anakojoa tu hata akiwa amekauka, na dawa hii juu ya mwili uliokauka ndipo figo zinapoumia. Mtairudisha kliniki ikisema. (Na homa kwa mtoto wa selimundu ni ya kwenda hospitali vyovyote iwavyo, hilo unalijua kuliko mimi.) Vilevile mkojo ukipungua ghafla, macho yakiwa ya njano kuliko ile njano yake ya kila siku, choo kikiwa cheusi kama lami, akitapika damu, akilegea na kusinzia ovyo, au vipele vikimwenea mwili mzima, msingoje tarehe ya kliniki. Vipele vichache vya wiki za mwanzo huja na kwenda, lakini vionyeshe.

Na dawa za maumivu. Nyumba nyingi za selimundu zina Brufen kwenye droo, na kemisti huchoma diklofenaki bila kuuliza sana. Mambo hayo mawili pamoja na deferasiroksi yanazidisha hatari ya tumbo kuvuja damu na figo kuchoka. Paracetamol ianze. Maumivu yakizidi hapo, mtu wa kliniki aamue, na kemisti aambiwe mtoto anatumia dawa gani. Dawa za kiungulia zenye alumini nazo zisinywewe pamoja nayo, zinaizuia isifanye kazi.

Sasa namna ya kumpa, kwa sababu naona hapo ndipo vita vilipo. Vidonge vya kuyeyusha hunywewa tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula, saa ile ile kila siku. Asubuhi ya Nairobi, basi la shule likiwa langoni saa kumi na mbili, nusu saa hiyo haipatikani. Mpe jioni akitoka shule, kabla hajagusa chakula. Daktari hatakataa. Weka kwenye glasi yenye maji kama mililita 100, au maji ya machungwa, koroga mpaka pasiwe na mabonge. Soda hapana, inatoa povu tu. Chai ya maziwa hapana. Akishakunywa utaona unga mweupe umebaki chini ya glasi, kama chaki. Huo si uchafu, ndiyo dawa yenyewe. Tia maji kidogo tena, zungusha, amalize. Asitafune kidonge wala asikimeze kizima.

Wengine huharisha, na kwa wengine kosa ni la sukari ya maziwa iliyo ndani ya vidonge hivi vya kuyeyusha. Kama mwanao tumbo lake huvurugika akinywa maziwa, taja jambo hilo.

Kwa sababu kuna aina ya pili, vidonge vya kumeza vyenye ganda. Havina sukari ya maziwa, havina ladha ya chaki, vinaweza kuliwa pamoja na chakula chepesi, na mtoto asiyeweza kumeza huruhusiwa kusagiwa na kunyunyiziwa kwenye kitu laini kama mtindi, ale hapo hapo. Mimi binafsi, bei ikiwa inakaribiana, ningempa kila mtoto hivi. Lakini sikiliza vizuri, maana namba za aina hizi mbili hazilingani. Vya kumeza vinaingia mwilini vizuri zaidi, kwa hiyo miligramu zake ni pungufu: 500 ya kuyeyusha ni sawa na 360 ya kumeza, 250 ni sawa na 180.

Niliwahi kuletewa mtoto aliyekuwa anatumia 500 za kuyeyusha. Zikakosekana, baba yake akaenda kemisti moja mjini, akapewa vya kumeza, cha 360 na cha 180 pamoja, kwa kuwa ukijumlisha ni 540 na 540 inakaribia 500. Hesabu ya shule ilikuwa sahihi. Mtoto akawa anapata dozi na nusu. Wiki ya pili alikuwa anatapika, wiki ya tatu kreatinini imepanda. Tulisimamisha, akarudi sawa, lakini baba yule alikaa kwenye benchi letu akiwa ameshika ile pakiti kama mtu aliyeshika nyoka. Tangu siku hiyo kila mzazi namwandikia juu ya boksi kwa kalamu nzito: KUYEYUSHA au KUMEZA. Nawe andika lako. Ukipewa pakiti isiyofanana na ya mwezi uliopita, usiondoke dirishani kabla hujauliza.

Kuna kidonge kingine, deferiproni, kilichoruhusiwa Marekani kwa selimundu mwaka 2021. Hicho ni mara tatu kwa siku, hutoa chuma kwa mkojo na kuufanya mwekundu kama chai ya rangi, na ni hodari kwa chuma kilichofika kwenye moyo. Kasoro yake ni kwamba kwa watu wachache huangusha chembe nyeupe za damu ghafla, kwa hiyo huhitaji kupimwa damu kila wiki hasa mwanzoni, na homa yoyote ni ya kukimbia hospitali. Sioni sababu ya kukuhamishia huko sasa. Nakitaja usije ukakisikia kwenye benchi ukadhani umefichwa.

Pengine unajiuliza pia itaisha lini. Maadamu anaongezewa damu, atakunywa. Feritini ikishuka chini ya 1,000 daktari ataanza kupunguza dozi, na ikifika chini ya 500 atampumzisha, kwa sababu dawa isiyo na chuma cha kukamata huanza kuuonea mwili.

Sasa kijana mwenyewe. Ana miaka 11, si mtoto wa kufungwa pua. Kabla ya kumgombeza kwa lile sinki, mwambie ile hesabu: nane zinaingia, tisa zinatoka. Watoto wa umri huo huielewa haraka kuliko sisi. Mpe kijiko akoroge mwenyewe, na daftari ajaze yeye. Kisha mfundishe kumeza. Finyanga kipande cha mkate kiwe kidogo kama punje ya mahindi, akimeze kwa maji, wiki moja hivi, kila siku kiwe kikubwa kidogo. Akiweza, mwambie daktari siku ya damu kwamba mnataka vya kumeza. Kama dozi yake ya sasa ni 500 ya kuyeyusha, itakuwa kidonge kimoja cha 360, na glasi ya chaki mtaiaga.